Mzee wa kitalu cha njia ya Fuoni, na weupe ulionila pesa mara mbili

Kazi yangu ni fundi saa, Mkunazini, mjini Unguja. Nina meza, taa, na lenzi ya jichoni ambayo nimeivaa miaka mingi hata nyusi ya kulia imelala upande. Kilimo sikijui. Muhogo wenyewe naujua ukishatiwa nazi. Kwa hiyo haya ninayoandika kuhusu mzee wa kitalu cha njia ya Fuoni ni maneno ya mteja, si ya bwana shamba.

Kitalu chake hakina kibao. Ukitoka Mwanakwerekwe kuelekea Fuoni kipo mkono wa kushoto, chini ya mwembe, kimezungushiwa makuti. Mbele kapanga vyungu vya saruji, nyuma miche kwenye mifuko myeusi: asumini, mlangilangi, vilua, mrehani, bogenvilia za kila rangi, na mikarafuu michanga ya kupeleka shamba. Mie nilifika pale kwa ajili ya mti usiofika hata shibiri mbili.

Dada yangu anakaa Arusha. Mwaka juzi alinijia na zawadi, bonsai ya junipa, imo kwenye sinia la udongo wa kuchoma la rangi ya buluu. Junipa ni jamaa wa mtarakwa, ule wa milima ya Usambara, ila hii yangu ni ya asili ya Kijapani, ile inayotambaa, na majani yake ni sindano fupi zilizokaa tatu tatu. Neno bonsai nalo ni lao Wajapani, maana yake mmea uliopandwa kwenye sinia. Niliupenda siku ile ile. Ni mti wa mtu wa kazi kama yangu: mdogo, una viungo vingi, na ukikosea huna pa kuficha.

Nikauweka darini. Nikasoma kwenye simu kwamba unapenda hewa yenye unyevu, basi nikanunua chupa ya kupulizia, zile za vinyozi, nikawa naupulizia mara tatu kwa siku, alfajiri, adhuhuri nikirudi kula, na jioni. Maji ya mfereji. Sikuwaza kitu, si ndiyo tunayoyanywa?

Kaskazi ilipokaza, mwezi wa Januari, nikaona weupe. Ulianza kwenye ncha kama vumbi la unga, ukaingia ndani, na baada ya wiki tatu mti mzima ulikuwa kama kibarua aliyeshinda anachanganya saruji. Nikiugusa kwa kidole hautoki. Nikiupulizia maji unapotea, nafurahi, jua likipiga unarudi na ndugu zake.

Hapa ndipo nilipopoteza pesa ya kwanza. Nilikwenda duka moja la pembejeo mjini, jina nalihifadhi. Kijana wa kaunta nikamwonesha picha kwenye simu. Hata kuikuza hakuikuza. "Ubwiri unga huo," akasema, na mkono ulikuwa umeshafika rafuni. Akaniuzia salfa ya kuutibu na bomba dogo la kupulizia, jumla elfu kumi na nane.

Ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani, upo, sikatai. Waulize wenye mikorosho Mtwara na Lindi, wao salfa wanaijua kama sie tunavyoijua chumvi. Lakini ubwiri unga si maradhi ya junipa wala ya misonobari, na hilo nililisoma nimeshalipa. Pia salfa haipendi joto: likipita kama nyuzi 30 inaunguza majani. Mie nimeipulizia mchana, Februari, juu ya dari ambalo ukilikanyaga peku unacheza ngoma. Halafu salfa yenyewe ni unga. Ikikauka inabaki pale pale ilipotua. Baada ya siku tatu mti wangu ulikuwa na weupe wa aina mbili, mmoja wa bure na mmoja wa kununua, na tawi la kushoto ncha zake zimekuwa rangi ya chai.

Jirani yetu mmoja anafunga vikuba vya harusi. Asumini na mrehani wake anachukua kwa huyu mzee. "Nenda kwa yule," akaniambia, "maneno mengi lakini macho anayo." Nikakata kitawi, nikakifunga kwenye bahasha ya saa, nikapanda daladala.

Mzee alikitazama kile kitawi kama mie ninavyomtazama mtu anayeniletea mshale wa saa bila saa yenyewe.

"Mti uko wapi?"

"Nyumbani, mzee. Darini."

"Na maji unayoutilia?"

"Nyumbani pia."

"Sasa mie nitazame nini, mwanangu?"

Kuja nyumbani anachukua elfu kumi na nauli yake. Tukapatana Jumamosi asubuhi. Alikuja Jumapili baada ya Alasiri, bila simu, bila kuomba radhi, na mkononi ana ndimu mbili na karatasi nyeupe. Nimeikasirikia ile Jumamosi yangu mpaka leo. Nilifunga duka kwa ajili yake.

Lakini alipopanda darini nilinyamaza, maana alivyofanya kazi ndivyo ninavyotaka mwanafunzi wangu afanye, na hafanyi. Hakuugusa mti. Alikaa kwenye kigoda, akavuta pumzi za ngazi, akaanza kutazama vilivyouzunguka. Akanionesha ukingo wa sinia langu la buluu: mstari mweupe umezunguka pande zote. Akanionesha mdomo wa chupa ya kupulizia: mweupe. Akageuka, akanionesha mfereji wa pale darini, ambao koki yake imeota ndevu nyeupe tangu mtoto wangu wa kwanza hajazaliwa. "Na hivi navyo vina ubwiri unga?" akauliza.

Mie ninayelipwa kwa kuona unywele ndani ya saa, ile chupa nilikuwa naishika mara tatu kila siku.

Kisha akasema neno ambalo ndilo lililonifanya niandike haya yote: "Mti huu siujui. Sijapata kuupanda wala kuuza. Lakini weupe huu naujua." Nimeshalipa watu wengi katika maisha yangu, wa mabati, wa umeme, wa meno. Aliyeanza kwa kusema asichokijua ni huyu peke yake.

Akakata ndimu, akadondosha tone moja kwenye tawi. Macho yake ya karibu yameshachoka, kwa hiyo nikavaa lenzi nikawa namsomea. Chini ya tone, pale palipokuwa na ganda jeupe, vilitoka vibofu vidogo vidogo, kama soda ukiifungua taratibu, vikapanda kando ya sindano vikapasuka. Nikampa lenzi naye aone. Alicheka kama mtoto, akataka tudondoshe tone la pili, mahala pengine. Ukungu hautoi vibofu kwa ndimu. Chokaa inatoa.

Na ukifikiri, kwetu mtu anashangaaje chokaa? Unguja tumekaa juu ya mawe ya matumbawe. Mvua inazama ndani ya jiwe, inalitafuna kidogo kidogo, na maji tunayoyavuta kisimani au yanayokuja kwa mfereji yana chokaa iliyoyeyuka ndani yake, haionekani. Maji yakikauka, chokaa haiendi popote. Ndiyo ile iliyomo ndani ya birika. Mie nilikuwa nalipulizia jani maji magumu mara tatu kwa siku juu ya dari la moto, yanakauka ndani ya dakika tano, na kila mara yanaacha tabaka. Nilikuwa naupaka mti wangu chokaa kama ukuta wa Shangani, ila kwa subira zaidi.

Nikamuuliza kama si chumvi ya bahari, maana tuko karibu na upepo. Akachovya ncha ya tawi kwenye gilasi ya maji ya chupa, akasubiri. Chumvi ingeyeyuka. Haikuyeyuka kitu.

Baada ya hapo nilishika sindano moja nikaigeuza chini ya lenzi, nikaona michirizi miwili myeupe, imenyooka, inakwenda sambamba kwa urefu wa jani upande wa juu. Nikaanza kuikwangua kwa kucha. Akanipiga mkono, kidogo, kama unavyompiga mtoto anayetaka kuonja sukari. "Ya pacha hiyo si chokaa. Chokaa haijui kupiga mstari." Tukatazama sindano ya pili, ya tatu, ya kumi: zote zina michirizi ile ile, pahala pale pale. Na kweli, junipa za aina hii zimezaliwa nayo. Ndipo vilipo vitundu vya jani vya kupumulia, na nta yake ndiyo inayong'aa nyeupe. Kama nisingekuwa naye siku ile ningeukwangua mti wangu ngozi.

Mambo yangeishia hapo, ningempa mkono na elfu kumi yake. Lakini ile karatasi alikuwa hajaitumia. Akaiweka chini ya tawi, akaligonga tawi kwa kidole mara tatu. Hapo alikuwa anatafuta utitiri, wale wadogo kama nukta ya kalamu: ukiwaona wanatembea, unawafuta kwa kidole na wanaacha mstari. Likaanguka vumbi, salfa yangu, sindano zilizokufa, na sisimizi mmoja. Utitiri hakuna. Mie nikapumua. Yeye akamtazama sisimizi.

"Huyu hapandi bure."

Tukasubiri wa pili. Alipopanda tukamfuata kwa lenzi, akatupeleka chini ya panda ya matawi mawili, mahala ambapo jua halifiki wala mkono wangu haujafika, na pale kulikuwa na pamba. Vipande vidogo vya pamba, na katikati ya pamba wadudu wanene wapana, miguu wameikunja. Vidung'ata. Ni ukoo mmoja na yule wa muhogo aliyeingia Afrika kutoka Amerika ya Kusini miaka ya 1970 akala mashamba ya nchi nyingi. Wananyonya utomvu, wanatoa maji matamu, na sisimizi anakuja kuyalamba na kuwalinda kama mfugaji. Mzee alimbonyeza mmoja kwa kijiti, ukatoka ute wa rangi ya chungwa. Nikawahesabu: kumi na mmoja. Wangekuwa na kigamba kigumu cha mviringo, kama kifuniko kidogo kilichogandishwa kwenye jani, angesema ni wadudu magamba; lakini hawa walikuwa laini. Walitoka kwenye chungu cha mpilipili cha mke wangu, hatua mbili kutoka pale. Hilo nilimwambia mke wangu mwenyewe, na nililipia.

Basi weupe wangu ulikuwa wa aina nne: chokaa, salfa, vidung'ata, na ule wa pacha ambao si maradhi. Kila mmoja una dawa yake na wa mwisho dawa yake ni kuuacha. Yule kijana wa duka la pembejeo alikuwa na jibu moja kwa zote nne.

Kuhusu bidhaa alizoniuzia mzee, nazo nizitaje. Sabuni laini ya maji, ile ya potashi isiyo na manukato wala rangi, chupa ndogo elfu nne. Alinionya nisithubutu kutumia ya unga ya kufulia. Vijiko viwili vya chai kwa lita moja, jioni jua likishazama, kila baada ya siku saba mara tatu, kwa sababu sabuni inaua mdudu anayeguswa lakini yai linabaki na wiki ijayo linakuwa mdudu. Lakini sabuni ikikutana na maji yetu ya mfereji inafanya utando mweupe, ule unaobaki kwenye beseni ukimaliza kuoga. Ningepulizia sabuni kwa maji yale yale ningeongeza weupe wa tano.

Kwa hiyo maji ya mvua. Februari! Nikamuuliza nitayatoa wapi. Akaniuzia madumu mawili kutoka tangi la kitaluni kwake, elfu moja moja. Mke wangu alipojua nimenunua maji ya mvua aliwasimulia majirani wote, na mpaka leo mtoto wa jirani akiniona wingu limetanda ananiuliza bei. Mzee alinipa na njia ya bure kwa siku za ukame: chemsha maji, yaache yapoe na kutulia usiku kucha, chokaa nyingi inazama chini, mimina ya juu tu. Nimeijaribu na sufuria ilinionesha kilichobaki. Inafaa kwa mti mmoja. Kwa bustani utamaliza gesi.

Vidung'ata niliwafanya kwanza, kwa vijiti vya pamba vya masikioni na spiriti, mmoja mmoja. Hiyo ni kazi yangu, sikuhitaji kufundishwa. Halafu ndiyo ikaja chokaa. Kijiko kimoja cha chakula cha siki nyeupe ndani ya nusu lita ya maji ya mvua. Tawi moja kwanza, na siku mbili za kusubiri nione kama litachukia, halikuchukia. Nikafunika udongo kwa kipande cha turubai ili siki isiingie mizizini, nikachukua mswaki laini wa mtoto, nikakaa kivulini asubuhi. Unaliweka tawi juu ya vidole viwili vya mkono wa kushoto kama unavyolaza gurudumu la saa. Mswaki unakwenda upande mmoja tu, kutoka shinani kwenda nchani. Ukiurudisha nyuma sindano zinang'oka. Unasikia ganda likilainika kabla ya kuliona, mswaki unaacha kukwaruza. Kisha unasuuza kwa maji ya mvua. Asubuhi nne nilimaliza mti mzima. Kuna mahala chokaa ilikataa katakata, kwenye majani ya zamani karibu na shina, nikaiacha. Majani yale yatadondoka kwa ahadi yao.

Chupa ya kinyozi nimempa kinyozi. Siku hizi natia maji udongoni tu, asubuhi, baada ya kuchovya kidole nione kama pamekauka. Masika yalipoingia nikaweka pipa chini ya bati la uani. Mvua ya mwanzo mzee alisema niiachie iende, inaosha vumbi na mavi ya ndege na chumvi iliyoletwa na upepo. Kuanzia ya pili ndiyo nikakinga.

Matokeo, kwa haki. Vidung'ata walirudi wawili baada ya wiki ya pili, kisha basi, na mpilipili nao ukapigwa sabuni kwa amri. Weupe umeondoka karibu wote. Ncha mpya zimetoka za kijani kibichi, safi, nimezihesabu thelathini na nne na naendelea kuhesabu. Tawi lililounguzwa na salfa halikufufuka. Majani ya junipa yakishakuwa kahawia hayarudi kijani. Nimelikata na pengo linaonekana. Na kuna jambo ambalo mzee alilisema akishuka ngazi, sikulipenda: kwamba mti wa nchi yenye baridi unataka miezi ya kulala, na darini kwangu haulali. Dada yangu naye kasema hayo hayo. Huenda ukaenda Arusha ukapumzike. Bado sijakubali.

Lawama zangu kwa mzee ni hizi. Kuchelewa nimeshasema. Risiti hatoi. Maelekezo haandiki, yote anakwambia kwa mdomo katikati ya kisa cha karafuu za Pemba miaka ya ujana wake, na ukikosa kusikiliza vizuri unaweza ukadhani kijiko cha siki ni cha karafuu. Mie niliandika nyuma ya bahasha ya saa ya mtu. Na hakuondoka mpaka ameniuzia mche wa asumini niliokuwa siutaki, elfu tatu, ambao nakiri sasa hivi unachanua na darini kunanukia.

Nampa nyota nne. Ya tano aliiacha ile Jumamosi.

Ukitaka kwenda, nenda asubuhi kabla ya saa nne, maana mchana hakai kitaluni na jioni hujui kama atakuwepo. Ijumaa hafungui. Usipeleke kitawi. Kama mti hauwezi kubebeka basi lipa elfu kumi aje, na kama unabebeka, beba na maji unayoutilia kwenye chupa, kwa sababu hayo ndiyo atakayoyauliza kwanza.